Kokwa za Ukwaju

Kidude cha kuhesabia kilikufa mwezi wa Shaabani.
Kikang'ang'ania mia na kumi, siku nzima mia na kumi,
hata kivuko kikiwa kitupu.
Barua ya kuomba kingine ipo mezani kwa mtu, Tanga mjini.
Nikaenda jikoni kwa mama,
nikachambua kokwa za ukwaju mia moja na hamsini,
nikazitia mfuko wa kushoto wa koti la kazi.

Kila anayekanyaga ulimi wa kivuko, huku Bweni,
kokwa moja inahama, kushoto kwenda kulia.
Mwenye baiskeli, kokwa. Dereva, kokwa.
Mtoto wa mgongoni, kokwa.
"Huyu halipi," mama yake akanambia.
Najua halipi. Mkata tiketi yupo kibandani.
Mimi sihesabu nauli.
Maji nayo hayaulizi nauli.

Wa basi nawashusha wote, hata yule wa dirishani
anayejifanya amelala. Nagonga kioo kwa pete.
Gari livuke na dereva wake, vioo chini,
breki ya mkono juu, kabari kwenye tairi mbele na nyuma.
Mara mbili nimekuta tofali mahali pa kabari.
Mara moja nazi.
Nazi!

Chambuso, wa lori la mkonge,
kila safari hunitupia methali kutoka dirishani:
"Ajali haina kinga, dada!"
Haina, Chambuso. Na lori lako halina nafasi.
Mstari mweupe wa ubavuni umeshaanza kunywa maji,
shuka uuone. Hakushuka. Alipiga honi
mpaka mfuko wangu wa kushoto ukawa mtupu,
nikafunga mnyororo mbele ya pua ya lori lake.
Akavuka zamu ya pili. Nusu saa, basi.

Ni hiyo zamu ya pili ninayotaka kuisema.

Bamvua, maji yanatoka, mto una haraka zake.
Nahodha Mhina akaupanda mkondo kwanza,
ndipo akakiachia kivuko kiteremke taratibu hadi gatini.
Upande wa Pangani nazirudisha kokwa, kulia kwenda kushoto:
lori, basi, mbuzi na mwenyewe, watu, watu, watu.
Sitaha ikabaki chuma na mavi ya mbuzi.
Mfukoni, kulia, kokwa moja.

Nikaitoa. Nikaitazama kama imenitukana.
"Umekosea hesabu," wakasema. Foleni ikaanza kuguna,
mwenye tenga la samaki akanitukania mpaka babu.
Mhina hakuniuliza kama nina hakika.
Alizima injini.

Tukatafuta chini ya mabenchi, chooni, chumba cha mashine,
ndani ya sanduku la majaketi,
lisilo na kufuli tangu siku nilipolivunja.
Kisha tukatazama majini.
Sikuona kitu.
Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile.

Kijana wa bodaboda akalifukuza lori njia ya Muheza,
akalikuta Boza, limesimama kununua machungwa.
Juu ya marobota, mdomo wazi, utingo Mbelwa
amelala fofofo. Alipanda kwa miguu, akahesabiwa,
akaparamia mzigo tukiwa katikati ya mto,
akashuka kivukoni bila kushuka.

Chambuso mwenyewe alimrudisha, kamshika ukosi.
Siku hiyo hakuwa na methali.
Alisimama kando ya ulimi, jasho likimtoka,
akangoja Mbelwa apite mbele yangu, mguu kwa mguu,
nami niihamishe ile kokwa.
Ilikuwa na joto la kiganja.

Kwenye daftari, safu ya *Tukio*, nikaandika: Hakuna.
Safu ya *Ucheleweshaji*: dakika hamsini.
Safu ya *Sababu* ni nyembamba mno.
Nikaandika: kokwa.